Mgombea Aliyeangushwa na Kabureta

Nilikuwa Kagongwa, nimesimama mbele ya magunia ya mchele nikijifanya najua kutofautisha mpya na wa zamani, habari ziliponifikia kwamba yule bwana wa Geita amefariki. Zilikuja kwa njia ambayo vifo vyote siku hizi huja nayo, yaani kwenye kundi la simu, katikati ya tangazo la kiwanja na picha ya mtoto wa mtu aliyehitimu chekechea. Chini yake watu walikwisha kupanga safu za viganja vilivyounganishwa kusali, na mmoja, ambaye nadhani alikusudia kumjibu yule wa chekechea, aliandika "Hongera sana." Hakuna aliyemsahihisha. Marehemu angecheka. Alikuwa mtu wa kucheka, ingawa kwa sehemu kubwa ya maisha yake hakuwa na subira ya kukaa mahali mpaka kicheko kiishe.

Nilikwenda kuzika. Msiba ulikuwa mkubwa, wa mahema na vipaza sauti, kama inavyompasa mtu aliyewahi kumiliki maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, na wasemaji walikuwa wengi kuliko muda. Mmoja alisema marehemu alikuwa daraja, bila kueleza kati ya nini na nini. Mwingine, aliyewahi kushindana naye kwenye kura za maoni za chama, alisema tumepoteza hazina, kwa sauti ya mtu ambaye hazina hiyo ikiwa hai hakuwahi kuipigia simu. Kisha akasimama kiongozi aliyevaa miwani myeusi, akamsifu marehemu kwa kuwa alikuwa mtu wa kasi, mtu asiyesimamasimama njiani. Hapo nilimtazama mjane, aliyekuwa ameketi chini kwenye mkeka na wanawake wenzake. Aliinamisha kichwa na mabega yakamtikisika. Waliokuwa karibu naye wakamshika mikono wakimwambia ajikaze. Nadhani watu wawili tu katika umati ule tulijua kwamba mama yule, katikati ya machozi yake ya kweli, alikuwa ameshikwa na kicheko. Ndiyo maana naandika. Sifa ile ilikuwa ya mtu wa zamani, na mtu yule wa zamani alikwisha kuzikwa miaka kadhaa kabla ya huyu, tena kwa sababu ya kabureta.

Tulijuana kupitia safu hii hii. Nilikuwa nimeandika, kwa utani ambao niliuona wa kiungwana, kuhusu wenye maduara wanaonunua magari ambayo hayawezi kufika kwenye maduara yao. Siku ya pili simu ikalia. "Shikamoo, mwandishi," ilisema sauti nzito yenye lafudhi ya Kisukuma, na nikaitikia marahaba kwa mtu ambaye baadaye nilikuja kujua ananizidi umri. "Hilo gari uliloandika gazetini, ni la kwangu?" Nikamwambia hapana, mzee, ni la watu wengi. Sauti ikashuka, kama ya mtu aliyeumia kwamba si la kwake. "Basi njoo Geita ulione la kwangu," akasema, "uandike vizuri."

Alikuwa mtoto wa wafugaji wa vijijini Shinyanga, aliyechunga ng'ombe hadi akachoka kutazama mikia, akaenda kwenye machimbo na kuanza kubeba mawe kichwani. Baada ya miaka ya kubebea wengine akapata duara lake, na duara likatoa. Mtu duara likimtolea katika nchi yetu hupitia hatua zinazojulikana: hujenga nyumba yenye nguzo ambazo hazibebi kitu, hufuga mbwa anayekula kuliko mlinzi, kisha hununua gari. Huyu alinunua gari ambalo wenzake hawakuwa nalo. Kule Mwanza palikuwa na mzee mmoja aliyewahi kushindana mbio za magari ujanani, na alipofariki familia yake iliuza gari lake la mashindano, la milango miwili, jeupe rangi ya maziwa, la enzi zile ambazo gari halikuwa na kompyuta hata ya kuhesabia kilomita. Injini yake ilikuwa ya silinda nne, na ubavuni ilibeba kabureta mbili kubwa zilizolala, kila moja na midomo miwili, ili kila silinda iwe na mdomo wake wa kunywea hewa na petroli. Likienda kasi liliimba. Nakiri sijui magari, lakini siku aliponipakia na kunipeleka barabara ya lami kutoka mjini, nilisikia ule mlio ukipanda na nikaelewa kwa nini watu wazima hupoteza akili.

Shida ilikuwa kulisimamisha. Kuna hali ambayo mafundi wetu huiita sailensi, yaani injini kuwaka gari likiwa limetulia na mguu haugusi mafuta. Gari lolote la kawaida hukaa sailensi bila mtu kuliona. Gari la bwana yule likifika sailensi lilianza kutetemeka kama mtu aliyenyeshewa, vioo vikagonga, likakohoa mara mbili tatu, likazima. Kuliwasha tena kulitaka mazungumzo. Kwa hiyo mwenyewe akajifunza kuliendesha bila kulipa nafasi ya kutulia. Kwenye mteremko alikanyaga mafuta, penye kona alikanyaga mafuta, na akimwona mtu anayemfahamu alipunga mkono na kukanyaga mafuta. Mkewe, fundi cherehani mwenye duka la kushona sare za shule, alikataa kupanda. "Mimi nikitoka nyumbani nataka kufika," alisema, "si kupita."

Mafundi waliitwa. Gari la mtu tajiri likiugua, mafundi hawaitwi, huja wenyewe. Wa kwanza alisema ni plagi, akabadilisha plagi zote, kisha kwa kuwa alikuwa na spana mkononi akazikaza na kabureta. Gari likatetemeka na plagi mpya. Wa pili alisema petroli ya siku hizi imechakachuliwa, akamwaga tangi zima, akasafisha mipira, akazikaza kabureta. Wa tatu alikuwa kijana msomi wa mashine za kupimia, aliyekuja na sanduku lake la vipimo na shati lenye nembo, akalala chini ya usukani akitafuta tundu la kuchomeka waya wake. Alitafuta kwa heshima zote. Mwenye gari alimwambia tundu hilo halipo, gari ni la zamani kuliko kompyuta. Kijana akajibu, "Bosi, tundu lazima liwepo, ila limefichwa." Aliondoka bila kuliona, na kabla ya kuondoka, ili siku isipite bure, akazikaza kabureta. Wa nne alikuwa mwanafalsafa. Huyu alikubali kwamba injini haiwezi kutulia, kwa hiyo akaona dawa ni kuinyima nafasi ya kutulia: akaikaza ile skrubu inayoamua injini izunguke kasi gani ikiwa sailensi, hadi gari likawa linanguruma kwa hasira hata limeegeshwa. Halikuzima tena. Lakini sasa ukiachia klachi liliruka kama fahali aliyefunguliwa, na mwendo wa pole ukawa haliujui kabisa. "Nimekumalizia," fundi alisema, na kweli alikuwa amemmalizia.

Hali ikiwa hiyo, bwana yule akachukua fomu ya kugombea udiwani. Kata siitaji, kwa kuwa mshindi wake bado ananisalimia. Aliniita nimsaidie maneno ya kusema mbele ya wajumbe wa chama, nami nikaenda kwa udadisi kuliko kwa itikadi. Wasomaji wangu hawahitaji kufundishwa wajumbe ni watu gani. Mjumbe humpokea kila mgombea kwa mikono miwili, humkalisha, humwambia wewe ndiye tuliyekungoja, kisha hubaki na mikono yote miwili. Kitu kimoja tu mjumbe hasamehi, nacho ni kutosalimiwa. Unaweza kumwahidi barabara ukamletea tope, lakini ukimpita njiani hujasimama kumwambia mwangaluka na kumuuliza habari za watoto, ng'ombe na mvua, kwa mpangilio huo, umekwisha.

Nilikaa kiti cha pembeni siku zile za kampeni, na sitazisahau. Tuliingia mtaa wa kwanza. Mbele ya nyumba ya kiongozi wa tawi walikuwa wamekaa wazee kwenye viti vya plastiki, wanamngoja mgombea wao. Mgombea wao akawaona, akatabasamu, akapunguza mwendo, gari likaanza kurukaruka kuelekea viti. Wazee wakainuka wote kwa pamoja. Akakata usukani, akapunga mkono, tukapita. "Nitarudi kwa miguu," aliniambia, jasho likimtoka. Mbele kidogo mama mmoja mjumbe alikuwa ananyoosha mkono kabisa katikati ya njia. Tukampita na kumwachia vumbi. Kwa mtazamaji wa nje, alionekana bwana mkubwa ndani ya gari jeupe akivuka mtaa wa wapiga kura kwa mngurumo, anapunga mkono bila kugeuza shingo. Mimi niliyekuwa ndani niliona mtu aliyeshika usukani kama anayeshikilia kamba ya ng'ombe, midomo ikinong'ona salamu ambazo hazikumfikia mtu. "Mwangaluka, mama," alikuwa akisema peke yake. "Mwangaluka, namhala, mzee wangu. Nisameheni, jamani."

Nilimshauri achukue gari jingine, maana alikuwa nalo la kubebea mawe. Alikataa. Alisema watu watasema amefilisika, na mtu wa Geita akionekana amefilisika hata mbwa wake humwangalia kwa jicho jingine. Baadaye nilijifunza kwamba hiyo haikuwa sababu yote. Aliona aibu kusema gari lake ni bovu. Mtu aliyetoka kubeba mawe kichwani hadi kwenye milango miwili myeupe hawezi kirahisi kukiri kwamba ile milango miwili haisimami. Wahenga walikwisha kusema mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tulikwenda kuumbuliwa kwenye ukumbi wa mkutano, mbele ya wajumbe wote. Hotuba niliyoiandika ilipigiwa makofi. Kura zilipohesabiwa, za kwake zilikuwa chache kiasi kwamba msimamizi alizitaja kwa sauti ya chini, kama anayetaja ugonjwa wa mtu. Mama yule wa katikati ya njia alinifuata nje akaniambia bila uchungu wowote, "Mgombea wenu ana maneno mazuri. Ila hatukumjua. Anapita tu."

Hapo ndipo wengine huanza kuzungumzia kuhujumiwa. Yeye aliingia ndani, akalala, na akabaki ndani kwa muda uliomtisha mkewe. Akaacha kwenda kwenye maduara. Akaacha kula pamoja na watoto. Aliponipigia simu mkewe kuniita, hakunificha: "Shemeji, njoo. Anakaa anaangalia ukuta. Hata gari halitaki, na gari ni kitu anachokipenda kuliko mimi."

Nilifika Jumapili, watu wakitoka kanisani. Nikamkuta mama amekwisha kulifungua boneti, na mumewe kakaa kwenye kigoda pembeni kama mgonjwa aliyeletwa kuota jua. Mama hakuwa anajua injini. Alichojua ni cherehani, na kwenye cherehani alikuwa mkali na hakujificha. "Cherehani yangu ikianza kukata uzi," alimwambia mumewe, "siulizi ina ugonjwa gani. Nauliza ni nani aliikalia jana, na alikaza nini. Sasa niambie. Hawa mafundi wako, kila mmoja alifanya nini?" Mumewe akaanza kuhesabu kwa uvivu. Plagi, akakaza kabureta. Petroli, akakaza kabureta. Yule wa sanduku, akakaza kabureta. Alipofika wa nne sauti yake ilibadilika. Akainuka kwenye kigoda. "Wote wamezikaza," alisema. "Kila mtu amezikaza."

"Na mwenyewe wa kwanza, yule wa Mwanza aliyekufa, alikuwa anazikaza?" mama aliuliza.

Hilo bwana yule hakuwahi kuliuliza. Alikuwa amelinunua gari, akalipenda, akagombea nalo, lakini hakuwahi kumpigia mtu wa ile familia ya Mwanza kuuliza gari lilikuwa likiishi vipi. Akapiga. Akapokea mtoto wa marehemu yule wa Mwanza, mwanamume wa makamo, ambaye alionekana kufurahi kwamba hatimaye kuna mtu anamuuliza habari za baba yake. Tuliiweka simu sauti ya juu kwenye bampa.

"Linatetemeka?" aliuliza. "Limepata hewa ya wizi. Mmelegeza kabureta?"

"Tumezikaza," alisema mwenye gari.

"Mzee, zile hazikazwi," alisema yule wa Mwanza taratibu, kama anayemweleza mtu habari za msiba. Akatufafanulia. Kabureta za aina ile hukaa juu ya pete laini za mpira, na chini ya nati zake kuna vispringi, ili injini ikitikisika kabureta isitikisike nayo. Nati hukazwa kidogo tu, kiasi cha kuacha vispringi vipumue. Ukizikaza hadi mwisho unaminya pete, pete inapasuka, na kwenye ule ufa injini inavuta hewa isiyopita kwenye mdomo wake, hewa isiyo na petroli. Gari likiwa kasi, injini inakunywa hewa nyingi mno hata ile ya wizi haionekani. Likitulia, linapokunywa kidogo kidogo, hewa ile ya ufa inakuwa nyingi kuliko halali, na silinda inakosa nguvu. "Kila aliyekaza aliongeza ufa," alisema. "Sasa liwasheni, lipate moto, toeni vichujio vya hewa. Ziba mdomo mmoja mmoja kwa kiganja. Mdomo mzima ukiuziba, injini itaumia. Mdomo mgonjwa ukiuziba, injini itapata nafuu."

Tulifanya hivyo. Kwanza bwana yule alirudisha kidogo skrubu ya mwanafalsafa, hadi tetemeko likarudi lenyewe. Akaziba mdomo wa kwanza, injini ikadidimia kama inayotaka kufa, akaachia. Wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile. Akaweka kiganja kwenye mdomo wa nne, akakaribia kuuziba wote, na gari likatulia. Vioo viliacha kugonga. Mama alimtazama mumewe, mumewe akautazama mkono wake. Kiganja kilikuwa kimepunguza hewa ya mdomoni, basi petroli na hewa vikakaribia kulingana licha ya ufa. Kisha mama akaingia ndani, akatoka na ile chupa yake ya kupulizia maji nguo za kupiga pasi, akatia sabuni kidogo, akapuliza mahali kabureta inapoungana na injini, upande wa silinda ya nne. Maji yakavutwa ndani kwa sauti ya kunyonya, na mlio wa injini ukabadilika hapo hapo. Hapakuwa na haja ya kompyuta wala ya hotuba.

Walipolegeza nati wakaitoa ile pete, ilikuwa imebanwa bapa na kupasuka upande mmoja. Pete mpya tulizipata baada ya kuzungukazunguka mitaa ya Kalangalala, kwenye duka la spea za pampu, na muuzaji alituchagulia zinazostahimili petroli baada ya kumweleza mara tatu kwamba hatutaki za maji. Bwana yule akazifunga mwenyewe. Nilimwona akikaza nati kwa vidole, kisha kwa spana kidogo, kisha mkono ukatamani kuendelea. Mkewe akamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, akasema, "Baba, acha hapo." Akaacha. Nadhani ni mara ya kwanza katika ndoa ile.

Kazi iliyobaki ilichukua mchana kutwa, na yote ilikuwa ya kusikiliza. Mtu wa Mwanza alituelekeza tutafute kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta, ili kusikia mvumo wa hewa wa kila upande na kuzilinganisha kabureta mbili zivute sawa. Kisha skrubu ndogo za mchanganyiko, kila moja kuizungusha ndani polepole hadi injini ilegee, halafu kuirudisha nje hadi itulie, na kuiacha hapo. Nilimtazama mtu ambaye sikuwahi kumwona akisikiliza sentensi hadi nukta yake, ameinama na mpira sikioni, macho ameyafumba, anausikiliza upepo. Jua lilipoanza kupungua gari lilikuwa limesimama uani linawaka, sailensi, mguu wa mtu haupo. Bado lilibaki na mtikisiko mdogo, kama wa mtu anayecheka kimoyomoyo. Bwana yule aliurudia tena mpira, lakini simu ya Mwanza ikamkataza. Injini ya mashindano ina kemu kali, ambayo hufungua valvu kwa muda mrefu ili gari lipate nguvu kwenye kasi, na gharama yake ni kutotulia kabisa likiwa limesimama. "Hiyo ni tabia yake," alisema. "Ukitaka litulie kama gari la kubebea maharusi, itabidi uliue."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kesho yake bwana yule aliingia mitaani na gari lake, kwa mwendo wa mtu anayefuata ng'ombe wake jioni, akawa anasimama nyumba kwa nyumba. Mwangaluka, mama. Watoto hawajambo? Watu walichanganyikiwa. Mjumbe mmoja alitoka nje akamwambia kwa huruma, "Mzee, kura zimeshapigwa." Akajibu kwamba anajua, amekuja kusalimia. Katika historia ya kata ile, na nadhani ya wilaya nzima, huyo ndiye mgombea wa kwanza kuanza kusalimia watu baada ya kushindwa. Wengine wote huanza kabla na kuacha baada, hata wakishinda, hasa wakishinda.

Ningeweza kuishia hapo na mngecheka mkaniacha. Lakini kuna jambo jingine lililonifanya nimheshimu. Muda si mrefu baadaye, chini ya ardhi, wachimbaji wa duara la jirani walitoboa na kutokea ndani ya duara lake. Machimboni jambo hilo huitwa mtobozano, na watu hulipigania kwa majembe, kwani ina maana mtu ameingia kwenye mwamba wako. Wasimamizi wake walikusanyika wakiwa tayari. Pendekezo lilikuwa moja kwa midomo yote: ukuta uliokuwa umewekwa kule chini, wa viroba vya kifusi, ujengwe upya mnene zaidi, na walinzi waongezwe. Bwana yule wa zamani angekuwa ametoa amri kabla hawajamaliza kusema. Huyu aliuliza ukuta ule wa kwanza ulijengwa lini na kwa nini. Wakajibu uliwekwa na wao wenyewe, baada ya ugomvi uliopita, na yeye ndiye aliyeidhinisha. Akauliza tena: tangu ukuta uwekwe, wale wa upande wa pili wanafanyaje kazi? Hakuna aliyejua. Akamwita msimamizi wa duara la jirani, akamkalisha, akanyamaza mpaka yule mtu akasema. "Bosi, hatukuja kuiba mwamba," alisema. "Tangu mlipoziba, kule kwetu taa zinafifia na vijana wanaumwa vichwa. Wawili tumewatoa wamebebwa. Wametoboa kutafuta hewa."

Ukuta ulibomolewa siku ile ile. Waliweka alama ya rangi kwenye mwamba na mlinzi mmoja kutoka kila upande, wakikaa pamoja na kunywa chai ya chupa moja. Hakuna aliyekufa. Jambo ambalo halikuua mtu halina wasemaji msibani, kwa hiyo hamkulisikia kwenye vipaza sauti. Msimu wa uchaguzi uliporudi wale wale wajumbe walimfuata nyumbani, wakamwomba agombee. Aliwapokea kwa mikono miwili, akawakalisha, akawaambia ninyi ndio niliowangoja, kisha hakuchukua fomu. Nilipomuuliza sababu, alisema bila utani wowote, "Mwandishi, mimi najijua. Nikipewa nati mkononi nitakaza." Alikufa kwa maradhi ya moyo, nyumbani, mkewe akiwa amemshika mkono, kabla ya mvua za mwaka huu kukolea.

Nimerudi nyumbani kwangu Kambarage na nimekuwa nikiifikiria nchi hii ya mafundi. Kila anayekuja ofisini mwetu, shuleni mwetu, kwenye vyama vyetu vya pamba na vya kuweka na kukopa, huja na spana na jina la ugonjwa. Yeye huona tetemeko tu, na hajali ni mkono wa nani uliopita pale kabla yake. Huongeza kanuni juu ya kanuni ya mtangulizi, na kamati juu ya kamati, kisha huondoka akipigiwa makofi, na anayemfuata hukuta ufa umepanuka. Kumbe sehemu kubwa ya tunachokiita ugonjwa ni matibabu ya jana. Ukikabidhiwa kitu kinachotetemeka, iwe ni injini, ndoa au kata, mtafute kwanza aliyekishika kabla yako, umuulize alifanya nini, na umsikilize hadi amalize. Huenda kazi yako yote ikawa kutengua alichofanya.